Kuigiza kwenye matangazo ya biashara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoanza Dar es Salaam na Nairobi

Majibu haya yanahusu matangazo ya televisheni na ya mtandaoni. Pale Tanzania na Kenya zinapotofautiana, tumesema.

Nimeigiza jukwaani miaka miwili na watu wananisifu. Mbona siitwi kwenye matangazo?

Kwa sababu kinachotafutwa ni kingine. Tangazo la sekunde 30 halina nafasi ya mhusika kukua. Mtazamaji akuone mara moja tu ajue wewe ni nani: mama lishe, konda, mwalimu mstaafu, kijana aliyepata kazi juzi. Swali la kwanza la wanaochagua ni "anaonekana kama nani?" Uwezo wa kuigiza unaulizwa baadaye, na hapo ndipo jukwaa linapokufaa, maana umezoea kuelekezwa na kurudia jambo lile lile bila kununa.

Ila jukwaa huacha mazoea mawili: sauti inayotafuta kiti cha nyuma kabisa, na nyusi. Ukumbini nyusi lazima zifanye kazi, la sivyo walioko mbali hawaoni kitu. Kwenye klozapu, yaani picha ya karibu ya uso, nyusi hizo hizo zikipanda unaonekana kama umeona nyoka. Jaribu hivi: simama mita moja na nusu kutoka kwenye simu inayorekodi, useme "mkopo umetoka" mara tatu. Mara ya kwanza waambie watu wa ukumbi mzima, ya pili mwambie jirani mliyekaa naye meza moja, ya tatu jiambie mwenyewe. Tazama zote. Karibu kila mara, inayofaa tangazo iko kati ya ya pili na ya tatu. Aliyesoma TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, au aliyekulia Kenya National Theatre hana cha kutupa, ana cha kupunguza tu.

Nani hasa anaamua?

Mteja, yaani kampuni yenye bidhaa, humpa kazi wakala wa matangazo. Wakala hubuni wazo na kuajiri kampuni ya uzalishaji. Kampuni ya uzalishaji huleta mwongozaji na kumwita msimamizi wa usaili, ambaye ndiye anayekutafuta wewe. Majina hurudi kwa njia hiyo hiyo kwenda juu, na neno la mwisho ni la mteja. Ndiyo maana mwongozaji anaweza kukufurahia chumbani, akakupigia makofi, na kazi ikaenda kwa mwingine: umefanana na mtu wa tangazo la mshindani, au umemzidi urefu aliyechaguliwa kuwa mumeo. Usikae usiku ukichambua ulikosea wapi. Mara nyingi hukukosea popote.

Nianze na picha gani?

Tatu zinatosha. Ya kwanza uso na mabega, ukitabasamu, meno yaonekane. Ya pili ni hiyo hiyo bila tabasamu. Ya tatu mwili mzima, umesimama wima, nguo zisizoficha umbo. Piga nje kivulini, chini ya baraza au mti mkubwa, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jua la saa sita linachimba mashimo meusi machoni.

Zisiwe na vichujio vya kulainisha ngozi. Msimamizi wa usaili akikuita kwa picha iliyong'arishwa, ukafika na kovu au chunusi ambazo hazikuwemo, umempotezea nafasi moja kwenye orodha yake, na hatakuita tena. Kovu lenyewe halikuwa tatizo. Vivyo hivyo na wigi: ukipigwa picha na wigi, ongeza nyingine inayoonyesha nywele zako halisi. Huna haja ya kulipa studio fedha nyingi mwanzoni, simu nzuri na rafiki mwenye mkono uliotulia wanatosha kabisa.

Wasifu wangu uwe na nini?

Ukurasa mmoja. Jina, mji unaoishi, urefu kwa sentimita, saizi ya shati, suruali au gauni na viatu, na umri unaoweza kuigiza (si tarehe ya kuzaliwa). Halafu lugha na lafudhi, kazi ulizofanya, na stadi.

Stadi ndiyo sehemu watu wanayoipuuza, na ndiyo inayoleta simu. Andika unachoweza kufanya leo bila mazoezi: kuendesha gari la gia za mkono, kuogelea, kusukuma chapati, kusuka, kupiga danadana hamsini. Usiandike usichokiweza. Aliyeandika anaendesha pikipiki atakabidhiwa pikipiki, yenye abiria nyuma na kamera mbele.

Nimeambiwa nitume video ya kujirekodi. Niifanyeje kwa simu?

Hapa ndipo wanaoanza wengi wanapokwama, na chanzo chake huwa ni mwanga na sauti kuliko kipaji.

Laza simu kiupana, lenzi iwe kwa urefu wa macho yako, kwenye stendi au rundo la vitabu. Kaa mita moja na nusu hadi mbili mbele yake. Fremu ianze juu kidogo ya kichwa na kuishia kifuani. Usikae mbele ya dirisha. Dirisha liwe mbele yako au ubavuni.

Ukuta mweupe ni adui wa ngozi nyeusi. Simu hupima mwanga wa picha nzima, ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na uso wako unazama gizani. Tafuta ukuta wa kijivu, wa bluu au wa udongo, au tandika shuka la rangi moja. Kisha bonyeza usoni pako kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe, halafu pandisha mwanga kidogo. Shati jeupe pe huleta shida hiyo hiyo. Nguo ya mistari myembamba hutetemeka kwenye video, na nembo za kampuni hazitakiwi kabisa.

Ukirekodi usiku kwa taa za ndani unaweza kuona michirizi inayopanda na kushuka. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi huwaka na kufifia kwa kasi inayogongana na fremu 30 kwa sekunde. Weka simu kwenye fremu 25 kama inaruhusu, au rekodi mchana.

Sauti: zima feni, ning'iniza blanketi au khanga mbili tatu nyuma ya simu kupunguza mwangwi, na usubiri jogoo amalize. Anayekusomea mistari ya mhusika mwingine asimame ubavuni mwa simu na aseme kwa sauti ya chini, maana yeye yuko karibu na maiki kuliko wewe. Mtazame yeye. Kwenye lenzi utazame pale tu skripti inapotaka uzungumze na mtazamaji.

Anza kwa kujitambulisha: jina, urefu, mji, na kama uko huru tarehe za kushuti. Geuka kulia, geuka kushoto, onyesha viganja mbele na nyuma. Mikono inaombwa kwa sababu tangazo la sabuni au la simu linaweza kuishia kwenye vidole vyako tu. Kisha igiza mara mbili, kwa namna mbili tofauti kweli kweli.

Ukituma kwa WhatsApp, ambatisha kama dokumenti. Ukituma kama video ya kawaida inabanwa na ubora unashuka. Faili liitwe kwa jina lako, mhusika na tarehe. Msimamizi mwenye video 140 zinazoitwa VID_2024 hawezi kukupata hata kama alikupenda.

Chumba cha usaili kikoje?

Kidogo, chenye joto, na una dakika tatu hivi. Utakuta alama ya gundi sakafuni, utasimama hapo. Bidhaa mara nyingi haipo.

Chukua tangazo la viungo vya mchuzi. Unapewa sufuria tupu na mwiko, unaambiwa: onja, shangaa, mwite mumeo. Anayeanza huinua mwiko, hufumba macho, husema "mmmm" kwa sauti na kuzungusha kichwa. Watu ishirini kabla yake wamefanya hivyo. Jikoni kwako haiko hivyo. Mtu anayeonja mchuzi humimina tone kiganjani, hulamba, husita nusu sekunde akipima chumvi, ndipo uso unapobadilika. Tone la kiganjani na ile nusu sekunde ndivyo vinavyomfanya aliyekaa nyuma ya kamera ainue kichwa kutoka kwenye karatasi zake.

Ukielekezwa upya, badilisha kwa kiasi kinachoonekana hata kama jaribio la kwanza lilikuwa zuri. Mara nyingi anakupima kama unasikia. Ukimaliza, shukuru utoke. Usiulize "nimepata?"

Nimeitwa mara ya pili. Ina maana gani?

Kwamba umebaki na wachache, na sasa mteja au wakala atakuwepo. Vaa nguo zile zile, nywele zile zile. Fanya ulichofanya mwanzo, maana ndicho walichokipenda. Wanaofika na ubunifu mpya huharibu hapa.

Baadaye unaweza kuambiwa "tunakushikilia tarehe 14 na 15." Hiyo si kazi bado. Wanakuomba usijifunge siku hizo mpaka wathibitishe. Ukipata kazi nyingine ya tarehe hizo, wapigie uwaambie kabla hujaikubali: ama watakuthibitisha, ama watakuachia.

Nimefanya usaili kumi na mbili bila kazi. Niache?

Hesabu kitu kingine. Tunza daftari: tarehe, bidhaa, aina ya mhusika, nani alikuita, kama uliitwa tena. Kama kati ya hizo kumi na mbili uliitwa tena mara tatu, unakwenda vizuri na shida ni bahati na idadi. Kama hujaitwa tena hata mara moja, tazama picha zako na aina ya wahusika unaojipeleka. Msichana wa miaka 27 anayeonekana 19 anayeomba nafasi za mama wa watoto wawili atagonga ukuta kila mara. Na matangazo ya bia yatampita: kampuni nyingi za pombe hazitaki anayeonekana chini ya miaka 25, hata akionyesha kitambulisho.

Nikubali kazi ya ekstra?

Ekstra ni yule anayeonekana nyuma ya wahusika bila mstari wa kusema. Kubali ukitaka kuijua seti, yaani mahali pa kushuti: nani anasema nini, neno gani likitamkwa watu wananyamaza. Siku mbili tatu zinatosha. Uliza kwanza kama uso wako utatambulika. Ukionekana wazi nyuma ya muuza vocha kwenye tangazo la mtandao mmoja wa simu, mtandao mwingine unaweza kukukataa kwa nafasi kubwa, na wewe ulilipwa ya ekstra. Ukiwa ekstra kisha ukapewa mstari wa kusema, hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine. Lisemwe kabla kamera haijawaka.

Malipo yanahesabiwaje?

Kuna vitu viwili na wengi wanavichanganya. Kimoja ni malipo ya siku: nguvu na muda wako wa kushuti. Kingine ni haki za matumizi: ruhusa ya kutumia sura yako. Cha pili ndicho chenye thamani, na ndicho kinachomezwa kimya kimya kwenye mkataba wa ukurasa mmoja.

Haki za matumizi zina pande tatu. Wapi kijiografia: Tanzania tu, Afrika Mashariki, Afrika nzima, dunia? Kwenye nini: televisheni, mtandao, mabango ya barabarani, vifungashio? Kwa muda gani: miezi sita, mwaka, miaka miwili? Kila upande ukipanuka, bei ipande. Maneno ya kuogopa ni "milele", "popote" na "kwa chombo chochote kilichopo au kitakachobuniwa". Ukiyasaini, uso wako unaweza kuwa kwenye pakiti ya unga miaka kumi baadaye, na hakuna anayekudai wala unayemdai. Siku hizi angalia pia kifungu kinachoruhusu sura au sauti yako kutengenezwa upya kwa akili mnemba. Kikatae, au kiandikiwe bei yake na mwisho wake.

Kisha upekee, yaani kuzuiwa kufanyia kazi washindani. Uwe wa aina moja ya bidhaa na kwa muda wa matumizi pekee. "Vinywaji baridi, miezi 12" ni sawa. "Vinywaji na vyakula vyote" ni kufungiwa nusu ya soko.

Mfano wa hesabu, namba ni za kuelezea tu. Umekubaliana Sh 600,000, ajenti (anayekutafutia kazi) anachukua asilimia 20, kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa, ni asilimia 5. Kodi 30,000, ajenti 120,000, mkononi 450,000. Toa nauli za usaili mara mbili, fitingi (kujaribu nguo) na siku ya kushuti. Ijue namba hiyo ya chini kabla ya kusema ndiyo.

Kodi inanihusu vipi?

Tanzania uwe na TIN kutoka TRA, Kenya uwe na PIN ya KRA. Kampuni nyingi hazilipi bila namba hiyo. Huduma za kitaalamu za mkazi hukatwa kodi ya zuio, kwa kawaida asilimia 5 katika nchi zote mbili. Omba cheti cha kodi hiyo. Ndicho kinachoonyesha ulishalipa unapowasilisha ritani ya mwaka, na bila hicho unaweza kudaiwa mara ya pili.

Nahitaji ajenti?

Mwanzoni siyo lazima. Dar es Salaam na Nairobi wito mwingi huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Instagram za wasimamizi wa usaili. Ajenti anafaa pale unapoanza kuitwa kiasi cha kuhitaji mtu wa kujadili bei. Muulize anakata asilimia ngapi, anakata kabla au baada ya kodi, na kama anadai asilimia hata kwa kazi uliyojitafutia. Mkataba wa kwanza usizidi mwaka mmoja.

Nimeombwa ada ya usajili. Na mwingine anataka tukutane hotelini.

Usaili wa kweli haulipishwi. Ada ya fomu, "pesa ya kuweka jina juu", picha za lazima kwa mpiga picha wao: yote ni kukuchuna. Ajenti halali anakula kwenye kazi aliyokupatia.

Kuhusu hoteli: usaili hufanyika ofisini, studio au ukumbini, mchana, na kuna watu wengine. Nenda na mtu, tuma lokesheni kwa ndugu. Hakuna usaili wa sabuni unaohitaji uvue nguo faraghani. Tanzania rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Hifadhi jumbe zote na upige TAKUKURU, namba 113, bila malipo.

Siku ya kushuti nibebe nini?

Utapata kolshiti usiku wa kuamkia. Ina saa yako ya kufika, lokesheni na namba ya kupiga. Ukiambiwa saa 11 alfajiri, saa 10 na dakika 45 uwe getini. Beba kitambulisho, nguo ulizoombwa zilizopigwa pasi, kandambili, chaja, kanzu au khanga ya kujifunika kati ya shoti, na dawa zako kama unatumia. Kucha ziwe fupi, safi, bila rangi.

Siku ni ndefu, huchukua muda wa saa kumi hadi kumi na mbili, na nyingi ni za kusubiri. Tangazo la chakula lina mtego wake: kila shoti inarudiwa, na kila marudio ni tonge jipya. Omba ndoo ya kutemea, ipo, wala si aibu. Aliyemeza chipsi kwa heshima asubuhi nzima, saa nane hawezi tena kuzitazama kwa hamu, na saa nane ndipo klozapu inapopigwa. Kumbuka pia mkono upi ulishika glasi na ulikunywa kwenye neno lipi. Ukibadilisha, mhariri hawezi kuunganisha.

Nikiigiza tangazo la Kenya na la Tanzania, lafudhi ni tatizo?

Mara nyingi picha ni moja na sauti ni mbili. Dar utasikia vocha na daladala, Nairobi kredo na matatu, na msikilizaji hujua haraka kama mzungumzaji ni wa kwao. Kwa hiyo unaweza kuonekana nchi zote mbili lakini ukasikika moja. Ukiombwa urekodi na sauti, hiyo ni kazi ya pili, iwe na mstari wake kwenye ankara.

Watanilipa lini? Mwezi umepita.

Siku 30 hadi 90 baada ya ankara ni jambo la kawaida, kwa sababu kampuni ya uzalishaji humngoja wakala, na wakala humngoja mteja. Tuma ankara siku ile ile ya kushuti au kesho yake, yenye namba ya mkataba, TIN au PIN na akaunti. Tarehe ya malipo iandikwe kwenye mkataba. "Tukilipwa tutakulipa" siyo tarehe.

Mkataba umeisha lakini tangazo bado linarushwa.

Piga picha ya bango au rekodi skrini ionyeshe tarehe, kisha waandikie barua pepe, kwa upole, ukidai malipo ya kipindi kilichozidi. Mara nyingi ni uzembe wa ratiba na wanalipa. Wakikaidi, picha yako ni taarifa binafsi: Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Kamishna wake, Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake. Malalamiko yanapokelewa huko.

Naweza kunyoa au kusuka wakati nasubiri jibu?

Kama tarehe zako zimeshikiliwa, uliza kwanza. Mteja ameidhinisha kichwa kilicho kwenye video. Kama hujashikiliwa popote, nyoa, halafu siku hiyo hiyo piga picha tatu mpya uwatumie wote wenye zile za zamani.